Shangazi, hadithi hii niiweke wapi katika hotuba ya mama?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa kwanza katika watoto wanne. Mama yetu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mwezi ujao anastaafu baada ya miaka 31 ya kazi, na wenzake wanaandaa hafla ya kumuaga. Wameomba mtoto mmoja azungumze kwa niaba ya familia. Ndugu zangu wote walinigeukia mimi kabla sijafungua mdomo. Nimepewa dakika nane.

Kusimama mbele za watu hakunitishi, kazini nimezoea kuongoza vikao. Kinachonishinda ni kupanga. Wiki ya tatu hii nahangaika na muhtasari wa hotuba na haujakaa sawa hata siku moja. Nilianza kwenye daftari. Nikaona kwenye daftari siwezi kuhamisha kitu bila kufutafuta, nikakata vipande vya karatasi, kila dondoo kipande chake, nikavitandaza kitandani. Jana usiku nilivihesabu: 23. Navipanga, navisoma, navivuruga, naanza upya.

Ndugu zangu nao kila mmoja ana lake. Anayenifuata ni mhasibu, na ameshanitumia mpangilio alioupiga namba: kuzaliwa, masomo, kuajiriwa, vyeo, tuzo, shukrani. Anasema nikiruka hata kimoja watu watauliza. Mdogo wetu wa kike anataka visa vya kuchekesha tu, kwa sababu mama amelia vya kutosha maishani. Wa mwisho, mwenye miaka 29, aliniambia sentensi moja: "Dada, sema chochote, ila usimlize mama mbele za watu."

Yote hayo ningeyaweza. Kuna kipande kimoja tu cha karatasi ndicho kinachonivurugia vingine vyote.

Baba alifariki nikiwa na miaka 9, mama akiwa na mimba ya huyu wa mwisho. Baadaye mama akaingia zamu za usiku, maana zilikuwa na posho na mchana alitaka awe karibu nasi. Kwa hiyo usiku mama wa nyumba nilikuwa mimi. Nikiwa na miaka 12, usiku mmoja mdogo wetu, wakati huo ana miaka 3, alichemka homa, kisha akashikwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Nikakimbia naye kwa jirani bila viatu. Yule mama akamlaza ubavu, akamlegeza nguo, akakaa naye mpaka mwili ulipolegea na mtoto akaanza kulia. Kilio kile ndicho kilichoniambia kwamba yu hai. Alfajiri tulikuwa tumesharudi kwetu, mtoto amelala.

Nilimsubiri mama mlangoni nimwambie. Siku zote akifika alikuwa anavua viatu vyake vyeupe pale mlangoni, anavipanga, ndipo anaingia. Asubuhi ile alipita navyo hadi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Ana saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe akiinamisha macho aisome. Ilikuwa imejigeuza uso ndani na hakuiweka sawa. Nikajua kuna mtoto amemfia wodini. Hakusema, lakini nilishajifunza kumsoma. Akaniuliza, "Mmelalaje?" Nikamjibu, "Tumelala salama, mama."

Ni miaka 26 sasa. Sijawahi kumwambia. Mdogo wangu mwenyewe hajui. Jirani yule ameshatangulia mbele ya haki.

Nikiiweka hadithi hii mwanzoni mwa hotuba, naona kama namshtaki mama siku ya kuagwa kwake. Nikiiweka mwishoni, ndiyo watakayoondoka nayo watu wote na vicheko vya mdogo wangu vitakuwa havina maana. Nikiiweka katikati, inamezwa kati ya kozi aliyosoma na cheo alichopanda, kama jambo dogo. Nikiiondoa, dondoo 22 zinazobaki mtoto yeyote wa muuguzi yeyote angeweza kuzisoma: mvumilivu, mchapakazi, mwenye upendo.

Niiweke wapi, Shangazi? Ndugu zangu niwafanyeje? Na je, niandike hotuba nzima neno kwa neno au nisimame na dondoo tu? Ninaogopa kulia katikati nikapotea.

Mzaliwa wa Kwanza

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikarudi kuisoma. Pale kwenye "Tumelala salama, mama" nilikwama kwa muda. Miaka 12 ni midogo mno kwa mtu kubeba jibu la namna ile. Pole sana. Na hongera pia, maana mtoto uliyekimbia naye bila viatu leo ana miaka 29 na anakuomba usimlize mama yake.

Ninavyokuelewa, umeweka mizigo miwili kwenye kapu moja. Mmoja ni wa hotuba: dondoo 23, dakika nane, ndugu watatu wanaovutana. Huo una ufundi wake, na nitakueleza ninaoujua. Mwingine ni neno ambalo hujawahi kumwambia mama. Sasa limepata mlango wa kutokea, ila mlangoni pamewekwa kipaza sauti. Nahisi muhtasari wako haukai kwa sababu kila ukiupanga unajaribu kuvitafutia nafasi vyote viwili kwa wakati mmoja. Kama nimekosea utanisahihisha.

Nianze na lile unaloliogopa, kwamba hadithi ikiwa mwanzoni itasikika kama mashtaka. Inaweza. Lakini sidhani lawama inaletwa na kuwa mwanzoni. Inaletwa na sentensi iliyoitangulia. Hebu tazama. Ukisema: "Mama alikuwa zamu ya usiku. Mdogo wetu akashikwa na degedege. Mimi nilikuwa na miaka 12," msikilizaji ameshauliza moyoni mama yao alikuwa wapi. Sasa geuza: "Asubuhi moja mama alirudi kutoka kazini akasahau kuvua viatu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, nami nikajua kuna mtoto wa watu amemfia. Akaniuliza, mmelalaje?" Hapo unanyamaza kidogo, halafu ndipo unaeleza usiku ulivyokuwa na wewe ulijibu nini. Mambo ni yaleyale, hujaongeza wala kupunguza. Ila katika mpangilio wa kwanza mama hayupo, tunamtafuta. Katika wa pili yuko mbele ya macho yetu, amechoka, na binti yake anamtazama.

Ndiyo maana nasita kukuambia iweke namba moja au namba tano. Mpangilio wa hotuba hauhusu tu kipi kikae juu na kipi chini. Unahusu msikilizaji awe ameshajua nini, na ameshamhurumia nani, wakati jambo lako linamfikia.

Na hapa nikuulize kwa upole. Siku ile ulinyamaza kwa sababu ulimwonea mama huruma, au kulikuwa na uchungu pia? Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa na vyote viwili, na si kosa. Nakuuliza kwa sababu uchungu ukiwapo na usipoujua, utatokea wenyewe kwenye sauti, hata ukipanga sentensi zako vizuri namna gani.

Kuna mambo mengine mawili ambayo umeyachukulia kuwa yameshathibitika, nami sina hakika nayo. Umeandika kana kwamba mama hajui. Pengine ni kweli. Lakini huyu ni mwanamke aliyekuwa ameshakaa kama miaka mitano na watoto wagonjwa, akarudi asubuhi akamkuta mwanawe wa miaka 3 ametoka kwenye homa, na binti yake amesimama mlangoni saa ambayo watoto hulala. Inawezekana alisoma jambo usoni pako kama wewe ulivyosoma lake. Inawezekana naye amelibeba. Sisemi ndivyo. Nasema hujamuuliza.

La pili, umeichukulia hadithi hii kuwa yako, na uliibeba peke yako, kwa hiyo nakuelewa. Lakini ndani yake wamo watu watatu. Mdogo wako hakumbuki kitu. Kama atakuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu mia, ndipo asikie kwamba aliwahi kukakamaa mikononi mwako, sijui itamfikaje. Yeye amekuomba jambo moja tu, nalo ni juu ya machozi ya mama. Hakujua kwamba ya kwake pia yamo kwenye karatasi zako.

Kwa hiyo naona njia kama tatu, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kumwambia mama kwanza, nyumbani, kabla ya hafla. Hapo unampa nafasi ya kulia akiwa na kanga yake begani bila kutazamwa, na ya kukuambia kama angependa lisemwe au libaki ndani. Mwiba wake ni kwamba anaweza kukuambia lisisemwe, na utalazimika kumtii. Anaweza pia kwenda kuagwa na kidonda kibichi, anajihukumu kwa usiku wa miaka 26 iliyopita wakati watu wanampigia makofi. Ukiichagua njia hii, usiifanye siku ya mkesha. Mpe siku za kutosha za kulizungumza na wewe zaidi ya mara moja.

Unaweza kuisema hadithi yote jukwaani. Najua kwa nini inakuvuta. Wale wauguzi watakaokuwa wamekaa pale wengi wameacha watoto wao usiku ili wakalinde wa wengine, na pengine hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele ya wakubwa wao. Ungekuwa umesema kwa niaba ya nyumba nyingi. Lakini mama ataisikia mara ya kwanza huku amekabidhiwa shada la maua, na wote wamegeuka kumtazama usoni. Hana pa kuangalia. Na kwenye kundi la watu wengi hakosekani mmoja atakayeondoka na kipande tu cha hadithi, kile cha mtoto kuugua mama hayupo.

Au unaweza kuisimamisha njiani. Ueleze viatu, ukingo wa kitanda, saa iliyojigeuza, kisha swali lake, "Mmelalaje?", na useme tu kwamba kila asubuhi, awe amepitia nini usiku, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu sisi. Hapo umesema kweli tupu. Wanaojua watajua. Mwiba wa njia hii unakuchoma wewe: unaweza kushuka jukwaani ukahisi umemjibu tena kwamba mmelala salama. Wengine wangelichukulia hilo kuwa jambo la upendo, wengine lingewakaba kooni miaka mingine 26. Wewe ndiye unayejua uko wapi kati ya hawa.

Sasa niingie kwenye vile vipande 23, maana hata ukiichagua njia yoyote, kitanda bado kimejaa karatasi.

Dakika nane ni sekunde 480. Ukizigawa kwa dondoo 23, kila moja inapata kama sekunde 21. Sekunde 21 zinatosha kutaja kitu, hazitoshi kukionyesha. Na bado hujatoa muda wa kusalimu wageni. Hata ukisema itifaki imezingatiwa, kuna majina huwezi kuyaruka. Mimi nikisoma kwa sauti taratibu, kwa namna ya kusikilizwa ukumbini, napata maneno kama 100 kwa dakika. Washa saa ya simu usome ukurasa wowote uone wako ni mwendo gani. Kama tunafanana, hotuba yako ni maneno 800, na ukiacha nafasi ya makofi, kicheko na kumeza mate, yabaki 650. Barua uliyoniandikia peke yake ingekula zaidi ya nusu ya hayo.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliona kwamba hotuba ina sehemu mbili tu za lazima: kulisema jambo lako, na kulithibitisha. Aliruhusu utangulizi na hitimisho kuongezwa, na zaidi ya hizo nne akaona ni kujisumbua. Nimelipenda hilo kwa miaka mingi kwa sababu linakulazimisha ujibu swali ambalo sijaliona popote kwenye barua yako: jambo lako ni lipi? Si mada. Mada ni mama. Jambo ni sentensi kamili, yenye kitenzi, ambayo ungependa mtu wa kiti cha nyuma kabisa aende nayo nyumbani. "Mama alikuwa mchapakazi" halijatosha, hilo ni la kila mtu. Jaribu kuandika sentensi hiyo kwenye kipande cha 24, ukibandike ukutani, kisha chukua vile 23 kimoja kimoja ukiuliza: hiki kinaithibitisha, au nakipenda tu? Unavyovipenda tu usivitupe. Viweke kwenye bahasha umpe mama baadaye, atavisoma kwa nafasi yake.

Ukishabakiwa na vitatu au vinne, fanya jaribio moja dogo. Badilisha nafasi ya kimoja na jirani yake, usome. Kama hakuna kilichoharibika, basi havijapangwa bado, vimewekwa tu. Dondoo zilizopangwa zinashikana: ya pili isingeeleweka bila ya kwanza. Na andika kile kiungo chenyewe, ile sentensi fupi inayokutoa hapa kukupeleka pale. Wengi wanaandika dondoo na kuacha viungo, na ukiwatazama jukwaani, pale kwenye kiungo ndipo wanaposema "aaah" na kupekua karatasi.

Kuhusu maneno uliyoyadharau, mvumilivu, mchapakazi, mwenye upendo: tatizo lake ni kwamba ni majina ya sifa. Uliponiandikia juu ya viatu vyeupe vinavyopangwa mlangoni, hukuniambia mama ana nidhamu, na mimi nikaiona nidhamu. Kwa hiyo usiseme dondoo 22 hazina kitu. Geuza kila kipande, na nyuma yake uandike kitu ulichokiona kwa macho yako. Kisichokuwa na kitu nyuma yake ndicho cha kwanza kutoka.

Nina wazo juu ya mpangilio wenyewe, ulipokee kama wazo tu. Wanenaji wa zamani wa Ugiriki na Roma walifundishwa kuikumbuka hotuba kwa kuiweka ndani ya nyumba wanayoijua: hoja ya kwanza mlangoni, ya pili ukumbini, ya tatu chumbani. Wakisimama kusema, wanapita nyumba hiyo kichwani, chumba hadi chumba. Cicero, mnenaji wa Roma, aliisimulia asili yake kupitia mshairi aitwaye Simonides, ambaye jengo liliwaangukia waalikwa aliokuwa nao, yeye akiwa ametoka nje, na akaweza kuwatambua waliokufa kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Wewe nyumba unayo. Umenipitisha humo bila kujua: mlango na viatu, chumba, ukingo wa kitanda, kifua na saa. Ukipanga hotuba kwa mwendo wa mama anaporudi asubuhi, kuanzia mlangoni, hutahitaji sana kutazama karatasi, na wasikilizaji nao hawatapotea kwa sababu wanaingia nyumbani pamoja nawe. Kasoro yake: mpangilio huu unamwonyesha mama wa nyumbani, na waliomwalika wanamjua wa wodini. Ingekubidi kiungo kimoja kizuri kinachowarudisha kwao.

Usimdharau mdogo wako mhasibu. Anachokitetea kina maana: msikilizaji akifuata miaka hapotei, na hakuna anayeachwa nje. Ninachomuuliza ni kama wasifu wa mama hautasomwa na mshereheshaji au mkuu wake. Mara nyingi husomwa. Ukisomwa, mpangilio wake utakuwa unarudia yaliyokwisha kusemwa. Lakini wakati si lazima uwe orodha. Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg nchini Marekani, kwenye uzinduzi wa makaburi ya askari waliokufa vitani, mnenaji mkuu wa siku hiyo, Edward Everett, alizungumza kama saa mbili. Rais Lincoln akafuata na maneno yasiyozidi 300, akamaliza kwa dakika mbili tatu. Naye alifuata wakati: taifa lilikotoka miaka 87 nyuma, vita walivyomo siku hiyo, na kazi iliyobaki kwa walio hai. Jana, leo, kesho, basi. Kesho yake Everett mwenyewe alimwandikia kwamba angefurahi kama angekuwa amekikaribia kiini kwa saa zile mbili kama Lincoln alivyokikaribia kwa dakika mbili. Keti na mdogo wako umuulize: katika miaka 31, ni siku zipi tatu angezichagua? Nadhani atakushangaza, maana naye alikuwemo ndani ya nyumba ile, na sijui yeye alikuwa anasikia nini usiku akiwa kitandani kwake.

Mdogo wenu wa kike pia ana hoja. Kicheko kikitangulia, watu wanakuamini, na baada ya hapo wanakubali kwenda nawe mahali pazito. Kisa chake kimoja, si vitatu, kinaweza kukaa karibu na mwanzo. Kuna jambo jingine la kufikiria: hakuna aliyesema lazima sauti iwe moja. Wenyeji walitaka mtu mmoja, lakini unaweza kuwauliza kama wadogo zako wanaweza kupanda nawe na kila mmoja akasema sentensi moja. Hatari yake ni muda, kwa kuwa sentensi moja ya mtu aliyeguswa huwa dakika mbili.

Umeuliza kuandika yote au dondoo tu. Nikupe nilivyoona kwa wengi na kwangu mwenyewe: sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandikwe neno kwa neno na zikae kichwani. Katikati ziwe dondoo kwenye kadi, herufi kubwa, upande mmoja tu, na kila kadi namba yake pembeni, ili zikidondoka uziokote bila hofu. Ukiandika yote na ukalia katikati, macho yenye machozi hayaoni mstari, na kurudi ulipoachia ni kazi ngumu. Ukiwa na kadi yenye neno VIATU, unavuta pumzi na kuendelea. Kuna faida nyingine. Tarehe 28 Agosti 1963 huko Washington, Martin Luther King, mpigania haki za Weusi wa Marekani, alikuwa na hotuba iliyoandikwa mkononi, na ile sehemu ya "Nina ndoto" ambayo dunia inaikumbuka haikuwemo kwenye karatasi za siku ile. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa nyuma yake, alimwita awaambie watu habari za ile ndoto, naye akaacha karatasi. Aliweza kwa sababu alishaisema mahali pengine kabla ya hapo. Nakuambia hili ili usihofu kutoka kwenye mpangilio kama moyo ukikuita, lakini pia ufanye mazoezi ya kusema kwa sauti, umesimama, mara tano sita. Na zile sehemu za kulia, zisome kwa sauti hata mara kumi. Machozi ya mara ya kwanza yamwagike nyumbani.

Kulia jukwaani, mwanangu, si kupotea. Ukijaa, nyamaza, mtazame mama, hesabu tatu. Ukumbi utakungoja.

Sijakujibu uiweke wapi, najua. Nimejaribu kuandika jibu mara mbili nikalifuta, kwa kuwa mahali pake panategemea mazungumzo ambayo hujayafanya, na mama, au na mdogo wako, au na yule binti wa miaka 12. Una mwezi mzima. Ningeviacha vipande vile kwenye bahasha kwa siku chache, nikalale kitandani pangu.

Utakapokuwa na mama, kabla hujasema lolote la usiku ule, unaweza kumuuliza habari za saa yake ya kifuani: nani alimpa, ilisimama lini, ilihesabu mapigo ya mioyo mingapi. Utajua kutokana na majibu yake kama yuko tayari kurudi nawe kwenye asubuhi ile. Niandikie, nitapenda kusikia. Bado anayo?

Shangazi yako